Winchi ya Mwisho ya Fundi Ernesti

Habari za kuungua kwa lile gari Praxeda alizipata kwenye duka la dawa, Nguvumali, Jumamosi moja ya masika, miezi miwili na siku chache tangu amzike mumewe. Mbele yake walisimama wanaume wawili, madereva wa malori, wanangoja chenji na kupiga soga.

"Landrova ya Mzee Ibrahimu imeteketea," alisema mmoja. "Kule kwenye mashamba ya chumvi, Tongoni. Ilikuwa inavuta lori lililozama kwenye tope, waya wa winchi ukapiga shoti."

"Na Nasri, dereva wake, je?"

"Mzima, ila mikono, yakhe. Mikono hata huwezi kuitazama."

"Ile winchi si alifunga marehemu Ernesti?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Mwisho mwisho mzee hakuwa yule tunayemjua."

Praxeda alifundisha shule za msingi miaka thelathini na sita, na sauti ya darasani haikuwa imestaafu pamoja naye. "Mnayemsema ni mume wangu," alisema.

Waligeuka. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mume wangu alifunga winchi miaka thelathini na mbili na hakuna hata moja iliyowaka moto. Mkitaka kujua kilichounguza gari, kamwulizeni aliyekuwa ameshika usukani."

Alichukua dawa zake akaondoka, shingo imenyooka. Alijiona ametimiza wajibu wake. Hakujua kwamba maneno yale yangefika kanisani kesho yake kabla ya misa ya pili, na kwamba kufikia Jumanne yangekuwa yamekwisha kuingia Tongoni, nyumba kwa nyumba.

Ernesti hakuwa mtu wa kusemwa dukani. Baba yake alitoka Songea kuja kukata mkonge, akaishi kambini na kufia kambini, na mtoto alianza kushika spana kwenye gereji ya shamba akiwa hajaota ndevu. Huko aliona trekta likiungua hadi kubaki mifupa. Chanzo kilikuwa waya mmoja wa betri ambao kila siku ulikuwa ukisugua ukingo wa chuma, ukisugua, hadi ngozi yake ikaisha na shaba ikagusana na bodi. Tangu siku ile, Ernesti alikuwa mtu wa kulinda nyaya. Wenzake walisifiwa kwa kuwasha injini zilizoshindikana. Yeye alisifiwa kwa magari yasiyotokewa na lolote.

Winchi, ile mashine ya mbele ya gari inayokunja kamba kuvuta mizigo, ndiyo iliyomtia wasiwasi kuliko kitu chochote kingine. Aliwaeleza wateja kwa subira, hata wale waliokuwa na haraka: winchi inapovuta hula umeme mwingi kuliko taa zote za gari zikiwekwa pamoja. Fyuzi ya kawaida haiwezi kuustahimili, ingekatika mara tu kamba inapokaza. Kwa hiyo ule waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda mbele ya gari hauna mlinzi mwingine ila fundi aliyeupitisha. Aliuvisha mpira wa turubai, ule wa kupitishia maji, uliochakaa kwenye zile mashine za kusaga mkonge ziitwazo korona. Ncha za mpira alizifunga kwa kamba ya katani aliyoipaka lami. Kila mahali waya ulipopenya chuma, alivisha tundu pete ya mpira aliyoikata kwa kisu kutoka kwenye soli ya kandambili. Vichwa vya betri alivifunika, na karibu na betri aliweka swichi nene ya kukata umeme wote, ili dereva aiwashe wakati wa kuvuta tu na kuizima akimaliza. Huku pwani, alisema, chumvi hula shaba mpaka iwe kijani, basi kila kiungo alikipaka grisi kwa kidole chake mwenyewe.

Kidole hicho ndicho kilichomsaliti kwanza. Ganzi ya kisukari ilianza miguuni, ikapanda, mpaka ncha za vidole zikawa kama za mtu mwingine. Kisha yakafuata macho. Kufikia Septemba ya mwaka wake wa mwisho, Ernesti aliweza kujua kwamba mlangoni kumesimama mtu, lakini sio nani.

Mtaani hakuna aliyejua. Praxeda alihakikisha hivyo. "Fundi amepunguza kazi," aliwaambia watu. "Siku hizi anachukua zile anazozipenda." Alihamisha kazi za mumewe kutoka gereji ya Innocent, mwanafunzi wa zamani wa Ernesti aliyekwisha kuwa fundi kamili, zikawa zinafanyika uani kwao, nyuma ya ukuta. Huko Ernesti alifunga nyaya kwa kupapasa, na pale vidole viliposhindwa, aliinama akagusisha midomo, maana midomo bado ilikuwa inahisi. Praxeda alishika tochi na kuwa macho yake. Hakuona kwamba anadanganya watu. Aliona anamsitiri mtu aliyeitwa fundi na jiji zima, asije akaanza kuitwa kipofu.

Wiki tatu baada ya moto, Mzee Ibrahimu alimtumia Innocent ujumbe. Alikuwa anatafuta gari jingine, na watu wake walikuwa wanamshinikiza asimrudishie Nasri usukani. Walisema Nasri ni mzembe, hata mjane wa fundi amesema. Mzee hakutaka kumhukumu mpwa wake kwa maneno ya dukani. Mwalimu aje Tongoni, alisema, alitazame gari kwa macho yake, aseme mwenyewe mbele ya watu kilichotokea. Atakachosema yeye, basi.

Praxeda alivaa kitenge cheusi cha msiba na viatu vya kwendea kanisani. Walikwenda kwa pikapu ya Innocent, asubuhi, mvua ikiwa imekatika. Njiani hakuongea sana. Alikuwa na uhakika.

Landrova iliwekwa kwenye uwanja wa nyuma wa nyumba ya Mzee Ibrahimu, imefunikwa makuti kama vile ni aibu kuiacha wazi. Mzee mwenyewe, kofia kichwani, alimpokea kwa adabu na kumpa pole ya msiba upya, ingawa alishaitoa makaburini. Nasri alikuwa amekaa kwenye mkeka, bandeji kuanzia viganjani hadi viwikoni.

"Shikamoo, mama," alisema. "Nisamehe, siwezi kukupa mkono."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

Mama yake Nasri, Mwanasiti, alitoka jikoni na sahani ya uji na kijiko. Alikaa karibu na mwanawe, akaanza kumlisha mwanamume wa miaka thelathini kama mtoto anayemwachisha ziwa, na hakuinua macho. "Karibu, mwalimu," alisema. "Wewe umechelewa. Maneno yako yalitangulia kufika."

Praxeda alisogea karibu na mkeka. "Nimekuja ili tuyamalize."

"Yamalize basi. Sisi tumo ndani yake wiki ya tatu sasa."

Innocent aliondoa makuti, akainua kilichobaki cha boneti. Harufu ya plastiki iliyoungua bado ilikuwapo. Aliinama, akaanza kueleza kwa sauti ili wote wasikie, naye Praxeda akisimama ubavuni kwake, mikono nyuma, kama alivyokuwa akisimamia mitihani.

"Swichi hii hapa. Imeyeyuka, lakini mnaona kishikio, kimeelekea upande wa kuwaka."

"Si nilikuwa navuta!" alisema Nasri kutoka mkekani. "Ningevutaje nikiwa nimeizima? Nilipoona moshi niliachia winchi, nikafungua boneti, nikaingiza mkono niizime. Swichi yenyewe ilikuwa inawaka moto, mama. Nikajaribu mkono wa pili."

"Nyamaza kidogo, Nasri," alisema mjomba wake. "Fundi aendelee."

"Hapa waya unatoka kwenye betri. Tundu la kwanza, pete ya mpira ipo, imegandia kwenye chuma. Mnaona hii nyeusi? La pili, ipo. La tatu, ipo." Innocent alipiga magoti, akaingiza kichwa chini ya bampa, mahali ambapo waya uliteremka kwenda kwenye winchi. Alikaa huko muda. Akatoa kichwa. Alimtazama Praxeda, kisha akainama tena kana kwamba ameangusha spana.

"La nne?" aliuliza Mzee Ibrahimu.

"Ngoja nilisafishe, mzee. Kuna masizi."

Praxeda alikunja kitenge chake akachuchumaa kando yake. Innocent alimnong'oneza bila kugeuza uso. "Mama, hapa hapakuwa na pete. Chuma kimeula waya. Tazama, shaba imedondoka matone matone. Lakini hawa hawajui. Naweza kusema swichi ilikuwa mbovu ya kiwandani. Swichi haimletei mtu kesi. Hapo hatasemwa mzee wetu wala hatasemwa Nasri."

Ukingo wa tundu ulikuwa umeng'atwa, mahali padogo pasipotosha punje ya hindi. Matundu mengine matatu yalikuwa na utepe mweusi wa mpira ulioyeyuka. Hili lilikuwa chuma kitupu.

Ndipo ile siku ya Januari ilipomrudia, yote kwa pamoja.

Ilikuwa saa kumi alasiri. Nasri alikuwa ametumwa dukani kununua grisi. Ernesti alilala kifudifudi juu ya bampa, mkono wake mmoja umezama chini, anapapasa. "Mwalimu," alisema, maana hakuwahi kumwita mkewe jina jingine, "hili la chini midomo haifiki. Nitazamie. Pete ipo?"

Na wakati huo huo mlangoni pakasikika hodi, na sauti tano sita za akina mama wa jumuiya. Praxeda alikuwa amesahau kwamba siku ile sala ilikuwa kwake. Wangeingia dakika ile ile, wangemkuta fundi Ernesti anaongozwa kama mtoto, mafuta usoni na grisi midomoni. Alielekeza tochi chini, akaona weusi.

"Ipo," alisema.

"Umeiona?"

"Ipo, Ernesti. Inuka basi, wageni hao."

Naye aliinuka. Hakuuliza mara ya tatu, kwa sababu katika miaka thelathini na minane ya ndoa yao hakukumbuka mkewe kumwambia jambo lisilokuwapo. Praxeda alimfuta uso kwa upande wa kanga, akamkalisha kwenye kiti cha barazani, akamwekea gazeti magotini. Akina mama walipoingia walimkuta bwana wa nyumba anasoma. "Hongera, fundi, kupumzika," walimwambia. Alikaa vile muda wote wa sala, ameshika gazeti asiloliona hata kichwa chake cha habari, na kichwa chake mwenyewe kimegeukia kule gari lilikokuwa.

"Mwalimu?" aliita Mzee Ibrahimu.

Innocent alimshika kiwiko kidogo. "Niseme mimi, mama. Wewe nyamaza tu. Ukimya sio uongo."

Praxeda aliinuka kwa shida, viatu vina tope. Mwanasiti alikuwa ameacha kulisha, kijiko kimesimama hewani. Praxeda aliwatazama mmoja mmoja, akatamani sana kwamba mtu amwulize kitu kingine, kitu chepesi chenye jibu analolijua.

"Tundu la nne halikuwa na pete," alisema. "Waya umechubuka pale. Gari linapovuta linatikisika, na kila lilipovuta tangu Januari, chuma kilikuwa kinaukata. Nasri hakukosa kitu. Swichi ilikuwa inawaka kwa sababu ndivyo inavyotakiwa kuwa wakati wa kuvuta, na mume wangu ndivyo alivyomfundisha."

"Basi fundi ndiye aliyesahau," alisema Mzee Ibrahimu polepole. Hakusema kwa ubaya.

"Hakusahau. Aliuliza. Alikuwa haoni, mzee. Tangu Septemba alikuwa haoni, na vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na mimi nilificha. Mimi nilikuwa namshikia tochi. Aliniuliza mara mbili kama pete ipo, nikamjibu ipo. Sikutazama sawasawa. Kulikuwa na wageni mlangoni na sikutaka wamwone vile." Sauti ya darasani ilimkimbia. "Aliyekosa ni mimi. Halafu nikaenda dukani nikamtupia Nasri."

Mwanasiti aliweka sahani chini. "Wageni," alisema.

"Ndiyo."

"Wageni wa chai."

"Wa sala. Na chai."

"Mwanangu hashiki kijiko, mwalimu. Wiki tatu hizi anapelekwa chooni na mama yake. Nikienda kisimani nasikia, mama wa mzembe huyoo. Kumbe wewe ulikuwa unaficha macho ya mume wako wasiyaone wanywa chai?"

"Mama, basi," alisema Nasri.

"Basi nini? Mimi nisiseme? Yeye amesema yake mjini kote, mimi nisiseme yangu uani kwangu?"

"Sema, dada," alisema Praxeda. "Nimekuja kusikia."

Lakini Mwanasiti hakusema tena. Aligeuka upande, kanga mdomoni, mabega yakimtikisika. Aliyezungumza ni Nasri, na alizungumza akitazama bandeji zake.

"Siku ile niliporudi na grisi, wageni walipokwisha kuondoka, mzee alinishika mkono hapa, juu ya kiwiko. Tukatembea naye mpaka kwenye gari, akawa ananionyesha, swichi hii hapa Nasri, usiache ikiwaka ukilala. Nikafurahi. Nikasema leo mzee ananifundisha kwa mkono kama mwanawe." Alitabasamu bila furaha. "Kumbe alikuwa anahitaji mtu wa kumfikisha. Angeniambia tu. Mimi ningeingiza kichwa chini ya bampa, ningetazama. Ingekuwa dakika moja."

Hilo ndilo lililomvunja Praxeda. Maneno ya Mwanasiti alikuwa amejiandaa kuyapokea. Hili hakujiandaa nalo. Alikaa kwenye ngazi ya matofali ya mlango wa jikoni, kitenge kwenye tope, akalia kama ambavyo hakulia hata siku ya maziko, kwa kuwa siku ile watu walikuwa wengi mno.

Mzee Ibrahimu alimwacha amalize. Kisha aliuliza, kwa sauti ya mtu anayepima maneno, "Haya uliyoyasema hapa, utayasema na mjini? Maana maneno ya kwanza yalitoka huko."

"Nitayasema. Dukani, na kanisani, na gereji."

"Jina la mume wako litaguswa."

"Najua."

"Basi Nasri atashika usukani mikono ikipona. Na isipopona, mjomba yupo." Akamgeukia dada yake. "Mwanasiti, mgeni hajapewa hata maji."

"Akaseme kwanza," alisema Mwanasiti, bado amegeukia ukuta. "Akishasema, arudi. Maji yapo."

Waliondoka bila kunywa kitu. Pikapu ilipofika barabara ya lami, Innocent alianza kusema kwamba wangeweza bado kuyaweka mambo vizuri, kwamba watu wa Nguvumali wana midomo lakini husahau. Praxeda alikuwa hamsikilizi.

"Tangu Septemba," alisema. "Alifunga nini kingine?"

"Vitu vidogo, mama. Taa, honi. Redio ya paroko."

"Winchi?"

Innocent alipunguza mwendo. Ilionekana alikuwa amekwisha kulifikiria na alitumaini halitaulizwa. "Moja. Ya Noa, yule mwenye gari la kuvuta magari mabovu barabara ya Horohoro. Ilikuwa Desemba, kabla ya Krismasi."

"Wewe ulikuwapo?"

"Mimi nilikuwa Muheza kwa wakwe. Nadhani tochi ulishika wewe."

Praxeda alifumba macho, akatafuta Desemba. Alikumbuka gari jekundu uani. Alikumbuka kwamba kulikuwa na joto, na kwamba siku moja alimsomea mumewe barua ya binti yao katikati ya kazi. Tundu hata moja hakulikumbuka. Hakukumbuka kama aliulizwa, wala alichojibu.

"Simamisha gari," alisema. "Nipe namba yake."

Simu iliita mara nyingi. Noa alipopokea, nyuma yake kulikuwa na kelele za injini na za watu wanaopigiana makelele ya kuelekezana.

"Mwalimu! Shikamoo! Za siku nyingi? Nimewamiss, wewe na mzee wetu, Mungu amrehemu."

"Marahaba, Noa. Uko wapi?"

"Nipo huku karibu na mpakani, kuna semi imelala mtaroni na matangi ya mafuta ya kula, ndiyo naanza kuivuta. Nimesikia wanavyomsema mzee kwa ajili ya hiyo Landrova ya Tongoni. Usijali, mama, mimi nimewaambia hapa, aliyefunga winchi yangu ni Ernesti, na kazi ya Ernesti mimi nailalia usingizi. Mwacheni mzee wa watu apumzike, nimewaambia. Si kweli jamani?" Aliwauliza waliokuwa karibu naye, na sauti mbili tatu ziliitikia kwa mbali kwamba ni kweli.

Praxeda alifunika simu kwa kiganja. Innocent alikuwa amegeuza uso, anatazama mashamba. Kwa wiki tatu Praxeda alikuwa ameyangoja maneno kama hayo kutoka kwa mtu yeyote. Akaondoa kiganja.

"Noa, nisikilize vizuri. Usiivute. Zima swichi, halafu ung'oe waya wa betri kabisa."

"Kwani vipi, mama?"

"Mume wangu alipofunga hiyo winchi alikuwa haoni. Mimi ndiye niliyekuwa namtazamia, na sikumbuki kama nilitazama."

Kelele za injini ziliendelea, kisha moja moja zikazimika. "Unasemaje, mwalimu?" aliuliza Noa, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliyejitenga na wenzake ili wasisikie.

"Waambie na hao walio karibu yako," alisema Praxeda. "Waambie ni mke wake amesema. Sisi tunakuja huko sasa hivi."